Mpaka Umehamia Sebuleni

Mzee Werema aliondoka, chai yake ikabaki mezani ikitoa mvuke. Wiki iliyopita niliishia hapo.

Kwa aliyekosa gazeti, mambo yalikuwa hivi. Mwaka ule wa 1957 nilikuwa bwana shamba msaidizi, nimerudi kwetu Nyamwaga baada ya miaka mingi ya shule na kazi za ugenini. Paa langu la kwanza lilibebwa na upepo. Mbao zangu za mvule zilizama pamoja na lori kwenye kivuko cha mto Mara, nikaagiza nyingine. Mwishowe nyumba ilisimama, ya matofali na bati, mahali ambapo mama yangu mwenyewe alinionyesha kwa kidole. Nikamwoa Agustina, binti wa Natta aliyejifunza utunzaji wa nyumba kwa masista, naye akaipamba nyumba ile kwa namna ambayo Nyamwaga ilikuwa haijaiona.

Aliweka makochi ya mvule yenye mikono mipana na mito ya sufi, kila mgongo ukiwa na kitambaa alichokifuma mwenyewe. Sakafuni alitandika ngozi ya ng'ombe mwekundu. Kibuyu kirefu cha maziwa alikijaza mafunjo makavu, akakisimamisha kando ya kabati la vyombo. Halafu akaleta mimea. Ilikuwa minne, yenye majani marefu kama panga, kila mmoja ndani ya chungu chake, kila pembe ya sebule mmoja.

Wanawake wa jirani walikuja kuangalia. "Majani ndani ya nyumba?" waliuliza. "Agustina, mnalaza ndama humu?"

Agustina alicheka nao. Alisema nyumba bila kitu kinachoota ni ghala.

Halafu akaja mzee Werema, jirani tunayepakana naye shamba. Alikaa, akapokea kikombe, akaangalia pembe moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Akaweka kikombe. Akatoka bila kuaga.

"Nimemkosea nini?" Agustina aliniuliza.

"Labda hukutia sukari."

Nikaionja chai ile. Sukari ilikuwemo.

Mchana haujatimia, mama yangu alikuwa mlangoni. Jina lake Robi, mjane wa Nyangwine, mwanamke asiyetembea haraka bila sababu. Siku hiyo alikuwa anahema.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Werema alikuwa humu?"

"Alikuwa."

"Ameona nini?"

"Ameona sebule. Kaa kwanza, Mama."

"Sikai."

Alikuwa anaiangalia mimea. Akamgeukia mke wangu. "Agustina, majani haya uliyatoa wapi?"

"Kule chini, Mama, mwisho wa mahindi. Niliyakuta yamejiotea kwa mstari, mazuri, hayana mwenyewe. Na huu mwingine ni..."

"Basi, nimesikia," mama alimkatiza. Akanigeukia mimi. "Yamejiotea kwa mstari. Wewe uliyesoma mimea, umeona wapi mmea wa porini ukajiotea kwa mstari?"

Swali lilikuwa zuri, na lilipaswa kuwa langu.

Mmea ule niliujua. Nilijua jina lake la Kilatini. Nilijua unavumilia kivuli, ndiyo maana nilimwambia Agustina utamfaa ndani. Nilijua hata kwamba Wachaga huuita isale na huuheshimu sana. Ila nilipelekwa shule ya bweni nikiwa mdogo, na hakuna darasa nililokaa lililonifundisha ukoo wetu sisi unaufanyia nini.

"Baba yako na baba yake Werema walitoana damu kwa ajili ya ardhi hii," mama alisema. "Wazee wakawatenganisha. Wakapanda mimea hiyo kutoka njiani mpaka kijitoni, wakaziapisha nyumba zote mbili. Kuung'oa ni kosa. Kuuacha ukauke ni kifo."

Agustina aliweka mkono tumboni. Alikuwa mjamzito, na kwa wakati ule tuliojua tulikuwa watatu: yeye, mimi na mama.

"Basi tunairudisha sasa hivi," nilisema. "Haijadhurika. Mimi mwenyewe nilimfundisha Agustina kwamba mmea unahamishwa pamoja na udongo wake, mizizi isijue kwamba imehama."

Mama alishika kichwa. "Na udongo wake? Mmeleta udongo wa mpaka ndani ya nyumba?"

"Udongo ni udongo, Mama."

"Ndivyo mlivyofundishwa huko?"

Nilichukua jembe, nikashuka kwenda mwisho wa mahindi. Nia yangu ilikuwa kuyaona mashimo kwanza, kisha kuipeleka mimea. Mashimo yangekuwa bado mapya. Kazi ya muda mfupi, na aibu ndogo ya kuombana radhi.

Nilimkuta Werema analima.

Alikuwa na ng'ombe wawili na plau, mkewe ameshika kamba mbele. Alikuwa amekwenda na kurudi, akakata moja kwa moja katika ukingo wa mahindi yangu. Mashimo yote yalikuwa chini ya matuta. Ardhi ilikuwa imegeuzwa, sawa kote, kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtoto wa Nyangwine. Umekuja na jembe. Unanisaidia?"

"Mzee, umelima juu ya mpaka."

Akasimamisha ng'ombe. "Mpaka? Uko wapi? Nionyeshe."

"Ulikuwa hapa."

"Hapa naona udongo tu. Mimi leo nilikwenda kwa jirani kunywa chai, nikaukuta mpaka umekaa kwenye kona kama padri aliyealikwa." Mkewe alicheka, akaziba mdomo kwa kanga. "Mpaka wetu umehamia sebuleni, bwana shamba. Na mpaka ukihama, shamba huufuata."

"Chungu si ardhi, mzee. Chungu kinabebwa."

"Hata mke anabebwa, na akishushwa mahali, pale ni kwake."

"Kwa hiyo unadai shamba lako linaanzia wapi?"

Alifikiri, au alijifanya kufikiri. "Linaanzia kwenye kochi lipi? Lile nililokalia lilikuwa laini. Nadhani nitachukua lile."

"Mzee Werema, nazungumza na wewe kwa heshima."

"Na mimi nakujibu kwa heshima. Mzee Heche na wazee wenzake watakuja kwako kesho. Iritongo itakaa nyumbani kwako, maana ndiko mpaka uliko. Mwambie mkeo apike chai ya kutosha."

Iritongo ni baraza la watu wa eneo, na neno la wazee wake halina rufaa pale kijijini. Ningeweza kwenda kwa mtemi, ningeweza hata kwenda bomani Tarime. Lakini nyumba yangu ingebaki Nyamwaga, na watu wa Nyamwaga ndio wangeendelea kupita mbele yake.

Nilirudi nikiwa natafuta mambo ya hakika, kama nilivyofundishwa kazini. Mpaka ni mstari. Ukijua pointi zake, unaujua. Huku chini, karibu na kijito, kosa la hatua chache lingenipotezea mahindi kidogo. Huko juu, karibu na njia, ndiko nyumba ilikosimama. Kosa lile lile huko juu lingeweza kuupitisha mstari nyuma ya nyumba yangu au mbele yake. Ukipita mbele, nyumba inabaki upande wa Werema, si yangu tena.

Nilimkuta Agustina na mama jikoni. Waliponiona walinyamaza.

"Mama, mmea wa juu kabisa ulikuwa wapi? Ule wa karibu na njia."

"Ng'ambo ya kichuguu," alijibu mara moja. "Mbali na nyumba yako."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyekuonyesha mahali pa kujenga. Ningekuonyesha shamba la mtu?"

Nikamgeukia Agustina. "Na wewe, umenieleza yote?"

"Nimekueleza ulichoniuliza, bwana shamba."

Jina hilo la kazi alikuwa akiniita kwa utani. Safari hii hakutabasamu. Nililisikia jibu lake, wala sikulipima. Kazini ningemfokea karani kwa uzembe wa namna hiyo.

Kesho yake walikuja.

Niliwatarajia wazee watano au sita. Walikuja wengi kiasi kwamba nusu yao walisimama nje, wakaning'inia madirishani, mapazia ya Agustina yakiwa yamewaangukia mabegani kama mashuka. Marehemu baba aliwahi kuniambia kuwa watu wa kwetu hukosa mazishi, ila hawakosi kesi ya ardhi.

Mzee Heche ndiye aliyeongoza. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo iliyowalazimisha watu kunyamaza. Alikataa kochi. Alikuja na kigoda chake, akakiweka juu ya ngozi ya ng'ombe, akakaa katikati ya sebule.

Mzee mmoja alijitupa kwenye kochi, akazama. "Hiki kitu kinanimeza! Nishikeni!"

"Tulia," mwenzake alimwambia. "Ndiyo ustaarabu huo. Unamezwa polepole."

Walicheka. Hata Heche alikunjua uso kidogo. Nikapata matumaini. Watu wakicheka nyumbani kwako, nilidhani, si rahisi kukutoa ndani yake.

"Werema, sema," Heche aliamuru.

Werema alisema niliyoyasikia jana, kwa mapambo zaidi. Mmea wa mpaka ulipo, mpaka upo. Mimea ipo sebuleni. Udongo wake upo sebuleni. Haikuletwa na mwizi wala mafuriko; imeletwa na wenye nyumba wenyewe, wakaimwagilia maji.

"Kisyeri, jibu," Heche alinigeukia.

Nilijibu kwa mpangilio. Nilisema kosa limefanyika na tunaliomba radhi. Nilisema mke wangu ni wa Natta, hakuijua alama ile, na mimi niliyepaswa kuijua sikuijua. Nilisema chungu si shamba. Kama mpaka ungefuata chungu, basi mtu angeweza kuamka asubuhi, akabeba chungu chake mpaka Kerende, na kudai kila shamba alilopita.

Madirishani walicheka. Mtu mmoja alisema, "Anajua kusema, huyu." Heche alitikisa kichwa kuafiki.

"Hoja ya chungu imekufa," alisema. "Werema, umeshindwa hapo. Na kulima juu ya mashimo ni ujanja wa mtoto. Utatoa mbuzi."

Nilimwona Agustina akishusha pumzi. Mimi pia nilishusha yangu.

Werema hakukasirika. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mtu aliyeshindwa hoja yake kubwa na asikasirike, ana nyingine.

"Nitatoa mbuzi," alisema. "Sasa, wazee, niulizeni kwa nini niliacha chai."

"Kwa nini uliacha chai?"

"Nyote mnajua nilikwenda vita, nikapigana Burma. Nilipoondoka mpaka ulikuwa na mimea minne. Niliporudi ilikuwa mitatu. Wa juu, wa karibu na njia, uliokuwa mbele ya mahali iliposimama nyumba hii, haukuwepo, na hapakuwa hata na shimo. Heche, nilikuja kwako. Uliniambia nini?"

"Nilikuambia mmea hukauka," Heche alisema. "Nyangwine alikuwa amekufa. Nilikuambia usimsumbue mjane."

"Nami sikumsumbua. Miaka yote hii nimeishi na mitatu. Jana naletewa chai, nainua macho, nahesabu." Alinyosha kidole pembe kwa pembe. "Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Shambani ilikuwa mitatu, wazee. Huyu wa nne ametoka wapi?"

Hakuna aliyecheka.

Niliiangalia mimea yangu kana kwamba naiona kwa mara ya kwanza. Mitatu ilikuwa na urefu uliokaribiana. Wa nne, ule wa pembe ya mlango wa ndani, ulikuwa mfupi, wenye shina nene, kama kitu kilichokatwa mara nyingi ili kisionekane.

"Mmea huu unaota porini pia," nilisema. "Unaota hata milimani. Kuwepo kwa wa nne si ushahidi wa kitu chochote. Na ule wa juu, mama amenieleza, ulikuwa ng'ambo ya kichuguu."

"Sawa," alisema Heche. "Basi aliyeuleta aseme ameutoa wapi. Na aseme kwa udongo."

Kuapa kwa udongo kwetu kulikuwa hivi: unachukua udongo wa mpaka, unautia mdomoni, unasema neno lako, unameza. Ukiwa umesema uongo, wazee wanaamini, udongo huo hautatulia mpaka uchukue kitu kilicho ndani yako. Mimi sikuamini. Udongo nimeupima maisha yangu yote. Nilijua una nini na hauna nini. Lakini Agustina alikuwa na mtoto ndani yake, na macho ya watu wote yalikuwa juu yake.

Mama yangu alisimama. "Mwanamke mwenye mimba haapi. Hilo mnalijua, Heche."

Minong'ono ikapita madirishani. Siri yetu ikawa ya Nyamwaga nzima.

"Ni kweli," Heche alisema. "Haapi. Basi mumewe ataapa badala yake. Mkewe ni mkono wake."

"Nitaapa," nilisema.

Nilisema haraka, na sababu yake haikuwa ushujaa. Kwangu kumeza udongo kidogo kulikuwa sawa na kumeza kidonge cha kwinini: kichungu, kisichoua. Kama huo ndio uliokuwa utaratibu wa kuiokoa nyumba, ulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia.

"Utasema hivi," Heche alinielekeza. "Mimea hii yote minne mke wangu aliing'oa mwisho wa mahindi, na mmea wa juu ulikuwa ng'ambo ya kichuguu. Udongo wa shambani Werema ameuvuruga. Utachukua wa vyunguni, kila chungu kidogo."

Nilikwenda kwenye chungu cha kwanza. Agustina alikuwa amefunika udongo wa kila chungu kwa kokoto nyeupe za mtoni, zimepangwa vizuri kama meno. Nikazisogeza. Hapo mkono wangu ulisimama.

Sijawahi kuandika ripoti ya shamba nisilolikanyaga. Ningewezaje kuapa kwa jambo nisiloliona?

"Agustina," nilisema, "yote minne uliitoa mwisho wa mahindi?"

"Kisyeri," mama aliita kwa ukali, "umeambiwa uape, hukuambiwa uulize."

"Nauliza ili nijue ninachoapia. Agustina?"

Alimtazama mama. Kisha alinitazama mimi. Masista wa misheni walimfundisha kufuma, kupanga maua, na kutosema uongo, na nadhani hilo la mwisho ndilo lililoingia zaidi.

"Mitatu," alisema.

Werema alifumba macho kama mtu aliyetua mzigo.

"Na wa nne?"

"Nilipewa."

"Ulipewa na nani?"

"Ulikuwa umeota nyuma ya jiko, pale anapomwaga majivu. Nikamwambia ni mzuri, nikamwomba. Akasema nichukue, niumwagilie, nisiuache ukauke." Sauti yake ilikuwa imara, lakini mikono ilikuwa inakunja na kukunjua kitambaa cha kufuma. "Nilitaka kukuambia jana. Akasema wa nne usiutaje. Bwana shamba, alinipa mama yako."

Nje mtu alipiga mluzi, akanyamazishwa.

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alijifunga kanga yake vizuri kiunoni, akasema kwa sauti ya kawaida ya mtu anayekataa kuongezewa chakula.

"Mimi sijampa mtu kitu. Nyuma ya jiko langu hakuna mmea. Nendeni mkaangalie."

"Hakuna kwa sababu mmea wenyewe uko hapa!" Werema alisema.

"Wewe nyamaza. Nazungumza na wazee. Huyu ni mtoto wa watu, ametoka Natta juzi, ameogopa, anatafuta wa kumtupia. Mimi nimemzika mume kwenye ardhi hii. Nimelea watoto hapa peke yangu, wewe Werema ukiwa unapigania vita vya watu. Nani ananijua hapa? Nani anamjua yeye?"

Hoja ile ilikuwa na nguvu. Niliona wazee wakiyumba nayo. Agustina alisimama peke yake kando ya kabati alilolipanga kwa wiki nzima, kati ya watu waliokula chakula chake, na hakuna hata mmoja aliyemsogelea.

Nikaanza kuunganisha mambo, jinsi yanavyounganishwa, bila kuombwa. Mmea wa juu ulipotea Werema akiwa vitani, baba akiwa ameshakufa. Aliyebaki hapa alikuwa mjane mwenye watoto wadogo na jirani asiyekuwepo. Kuung'oa ni kosa. Kuuacha ukauke ni kifo. Mtu anayeyaamini yote mawili atauhamisha, kisha atautunza pasipoonekana. Na miaka ikipita, mwanawe akirudi na pesa za bati, atamnyoshea kidole: jenga hapa.

Lakini hayo yalikuwa mawazo, na mawazo si ushahidi.

Heche alisogeza kigoda chake mbele. Alipozungumza hakumtazama mama wala Agustina. Alinitazama mimi.

"Sasa wanawake wawili wamesema maneno mawili, na wote wawili ni wa nyumba yako. Mmoja haapi kwa sababu ya mimba. Mwingine haapi kwa sababu mjane haapi katika kesi ya nyumba ya mumewe. Umebaki wewe. Kisyeri, mmoja wao ni mwongo. Chukua udongo wa chungu cha nne, uape kwa mmoja."

"Nikiapa kwa mama?"

"Nyumba ni yako. Huyu binti atarudi kwao Natta kabla ya jua kuzama, maana amemsingizia mama mkwe mbele ya iritongo."

"Nikiapa kwa mke wangu?"

"Mpaka utapita alikosema Werema, na nyumba itakuwa kwake. Na mama yako atakuwa amevunja kiapo cha mume wake. Unajua mtu wa namna hiyo haishi na watu."

Nilipiga magoti mbele ya chungu cha nne. Nilisogeza kokoto nyeupe, nikatia vidole ndani.

Udongo wa mwisho wa mahindi naujua. Nimeuchimba, nimeukausha, nimeupeleka kupimwa. Ni mweusi, wa kunata, ukiubana unabaki na alama ya kidole. Huu ulikuwa mwepesi. Ulikuwa wa kijivu. Ulitiririka kati ya vidole kama unga, na ndani yake mlikuwa na vipande vya mkaa.

Majivu. Majivu ya miaka mingi, ya jiko moja, yaliyomwagwa mahali pamoja.

Hilo halikuwa wazo tena. Lilikuwa ushahidi, na hakuna mwingine sebuleni mle aliyeugusa.

Niliinua macho. Mama hakuwa anautazama uso wangu. Alikuwa anautazama mkono wangu, na midomo yake ilikuwa imekauka.

Maisha yangu yote nimesema kwamba ukweli hauna mama. Nilifunga ngumi.

Niliifunga kwa nguvu kiasi kwamba vipande vya mkaa vilinichoma kiganjani, nikasimama, nikaanza kuurudisha mkono nyuma yangu polepole, kama mtu anayejinyoosha. Sikuwa nimeamua chochote. Mkono uliamua wenyewe.

"Bwana shamba," Werema alisema. Hakuwa anatania tena. Alikuwa ameinuka kwenye lile kochi laini, na alikuwa karibu kuliko nilivyodhani. "Fungua mkono."